Marehemu Mume Wangu Apanga Foleni

Mume wangu ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Fundi Tangulia. Jina hilo hakulipata kwa bahati. Mlangoni atakwambia tangulia, bombani atakwambia tangulia, na siku ya harusi yetu, jamani, tulipofika mlango wa ukumbi alimkuta mtu amebeba kreti la soda, akamwambia tangulia, bwana na bibi harusi tukaingia nyuma ya soda. Nimeishi naye miaka thelathini na mbili nikiwa nyuma ya watu nisiowajua. Yeye anaamini kwamba ukimpisha mtu mlangoni, huyo uliyempisha atampisha mwingine, na huyo mwingine atampisha mwingine, na mwisho wake dunia nzima itakaa sawa. Mimi nimemwambia mara nyingi kwamba mwisho wake dunia nzima itabaki nje. Haambiliki.

Basi nitawasimulia alivyokufa, na nilivyohangaika kumfufua, halafu mtaamua wenyewe kama wema ni kitu cha kuchezea.

Mambo yalianzia kwenye macho. Mtoto wa jicho alimwingia polepole, kwanza jicho la kulia, halafu la kushoto, na yeye akakaa kimya. Tungejua mapema kama mtaa wetu ungekuwa na watu wabaya kidogo. Lakini mwalimu alishonewa suruali yenye mguu mmoja mweusi na mwingine wa bluu, akashukuru, akaivaa shuleni mwezi mzima. Kinyozi alipewa shati lenye mfuko mgongoni, na ukimkuta kazini anatafuta kitana ungedhani anajikuna. Dada yangu, ambaye mdomo wake hauna breki, alishonewa gauni lenye mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi, akasema eti ndio mtindo wa siku hizi. Kila mtu alimwonea huruma fundi, hakuna aliyetaka kumvunja moyo. Na mimi msinione mjanja. Mimi alinishonea sketi akaifunga chini kama gunia, nikamwambia imenikaa vizuri, nikaenda chooni kuifumua. Miaka miwili ya matibabu ililiwa na huruma zetu.

Mwishowe alijigonga na mlango wetu wenyewe, mlango aliouweka kwa mikono yake, nikamwambia sasa yatosha, nenda hospitali. Akaenda. Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Mimi siku hiyo nilikuwa kazini, nafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, na wageni walikuwa wengi. Alirudi jioni, akasema amepimwa, ameandikishwa kwa ajili ya upasuaji, na amechelewa kwa sababu alikuwa anamsaidia muuguzi mmoja kujaza fomu. Nikamuuliza, wewe usiyeona hata kijiko mezani, ulijaza fomu gani? Akasema alikuwa anaandika kwa kukisia, na muuguzi alikuwa na kazi nyingi. Nikacheka, nikampakulia chakula, yakaisha. Kumbe hapo nilikuwa nampakulia marehemu.

Tulilijua hilo Jumanne ya wiki moja kabla ya upasuaji. Daktari bingwa wa macho anakuja hospitali yetu mara moja kwa mwaka, anakaa siku tano, anaondoka. Alikuwa anaanza Jumatatu iliyofuata, na orodha ya wagonjwa wake inafungwa Ijumaa hiyo saa nane mchana. Jicho la kulia, waliompima walishasema, litajaribiwa tu. La kushoto walisema linaokoka, ila haliwezi kusubiri mwaka mwingine. Tukaenda kuthibitisha jina. Dada wa mapokezi akabonyeza namba ya kitambulisho, akatazama kompyuta, akamtazama mume wangu, akanigeukia mimi peke yangu na kuniambia pole sana. Mume wangu naye akanipa pole, ndipo akauliza ni nani amefariki.

Alikuwa amefariki yeye. Tarehe ileile ya ile fomu. Mahali pa kuandika jina la marehemu alijiandika yeye, na mahali pa shahidi akamwandika mgonjwa aliyekufa kweli, kwa mwandiko mzuri uliopanda mlima. Dada wa mapokezi akaeleza kwa upole kwamba hospitali haimpasui marehemu macho. Tukitaka aandikwe hai, twende ofisi ya kumbukumbu, dirisha la nne, linalofunguliwa Alhamisi na Ijumaa mpaka saa sita mchana. Na aende mwenyewe, kwa miguu yake, maana karani lazima aone kwamba anapumua.

Alhamisi nilimfikisha pale saa moja asubuhi. Alikuwa mtu wa tatu kwenye foleni. Wa tatu! Nikamwambia mume wangu, leo wewe si Tangulia, leo wewe ni jiwe, usisogee ila kwenda mbele. Akaitikia. Nikaenda kwenye mashuka yangu. Niliporudi saa sita kasoro dakika tano nikamkuta ni mtu wa arobaini na moja, wa mwisho kabisa, uso umejaa furaha. Alinieleza mmoja mmoja. Mwenye mtoto mgongoni, kweli apishwe. Mzee mwenye fimbo, haya. Lakini kulikuwa na mwanamume mzima aliyepishwa kwa sababu alisema hapendi kusubiri, na mwingine aliyepishwa kwa sababu viatu vyake vilisikika kama vinambana.

Na hakuwa wa mwisho peke yake. Nyuma yake, au mbele yake, kwa kweli hawakuwa wamekubaliana, alisimama binti mmoja mwenye sweta la kijani na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mume wangu akimwambia tangulia, yeye anarudi nyuma hatua moja na kumwambia tangulia wewe, baba. Mume wangu anarudi nyuma hatua mbili. Walikuwa wamefika karibu na lango la kutokea. Nikajiambia nilidhani nimeolewa na mwendawazimu wa aina yake, kumbe wapo wawili. Dirisha likafungwa mbele ya macho yetu.

Ijumaa sikwenda kazini. Nilisimama kwenye foleni mwenyewe, nikamweka mume wangu nyuma yangu, nikamshika mkanda wa suruali kama mtu anavyomshika mbuzi wa sokoni. Tulikuwa wa tisa. Nilidhani nimemweza. Baada ya nusu saa nikaona tumekuwa wa kumi na tano, maana alikuwa anawapitisha watu juu ya bega langu, anawaambia mama huyu hana haraka. Nikamfinya. Akaomba radhi, kisha akampisha mtu mwingine ili kumtuliza, kwa kuwa mtu huyo alituona tunagombana.

Kisha ugonjwa ukaenea. Sijui niseme vipi. Nyuma yetu alikuwepo baba mmoja mnene mwenye mafaili mawili kwapani, ambaye toka asubuhi alikuwa amefura, hasemi na mtu. Mume wangu aliisikia kalamu yake ikianguka, akaipapasa, akamwokotea. Ni kalamu tu. Yule baba akaitazama ile kalamu, akamgeukia aliye nyuma yake na kumwambia aende mbele. Aliye nyuma yake akaona haya kupita peke yake, akampa nafasi mwenzake. Kufika saa tatu na nusu foleni ilikuwa inarudi nyuma. Kufika saa nne dirishani hapakuwa na mtu hata mmoja, na watu sitini walikuwa wamejibana ukutani mwisho wa ukumbi, kila mmoja ameshika mkono wa mwenzake anamsukuma kwa heshima.

Dada karani akatoa kichwa dirishani akauliza nani anafuata. Sote tukaonyeshana vidole. Wanaume wawili wakashikana kola. Mmoja alisema amemheshimu mwenzake kwa kumpa nafasi na sasa anadharauliwa, na mwingine akasema dharau ni kumfanya yeye aonekane ana tamaa ya dirisha. Akaja mlinzi na rungu lake. Masikini, alikuwa amefundishwa jinsi ya kumrudisha mtu anayevamia mbele, hakufundishwa la kufanya na mtu anayevamia nyuma. Alizunguka mara mbili, akamwita mkuu wa ofisi.

Mkuu wa ofisi alikuja na vibao vya namba, akagawa, akasema kila mtu afuate namba yake na hataki kusikia upuuzi. Alipogeuka tu watu wakaanza kubadilishana. Kibao cha sitini kiligombaniwa na watu saba. Yule baba wa mafaili alimpata mtu wa kumpa namba moja baada ya kumbembeleza muda mrefu, naye huyo alipofika dirishani akamuuliza karani kama amekunywa chai. Karani akasema katika miaka kumi na moja ya kukaa pale hajawahi kuulizwa hivyo. Akatoa leso. Kwa furaha akamgongea karatasi yake, akaikagua tena, akaiandika upya kwa mwandiko mzuri zaidi, na karatasi moja ikachukua dakika ishirini. Aliyefuata naye akauliza habari za watoto wake.

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Namba yetu ilikuwa hamsini na nane, na mume wangu alikuwa ananyoosha mkono apewe sitini. Niliona giza. Niliona jicho lake la kushoto linazimika kwa sababu ya adabu. Nikamkamata mkono, nikatanguliza viwiko, nikawapanda watu. Nimewakanyaga wanadamu siku ile, nakiri, na kila niliyemkanyaga aliniambia samahani mama, jambo lililonizidishia hasira.

Dirishani tukamkuta yule binti wa sweta la kijani. Alikuwa amesukumwa mpaka pale na wema wa watu, hakuja kwa hiari yake, na alikuwa amesimama pembeni, karatasi yake imekunjwa vilevile, haitoi. Mume wangu alimtambua kwa sauti alipomsikia akituomba radhi. Akamwambia, "Tangulia, mwanangu." Binti akamjibu atangulie yeye. Wakaanza tena, na karani ameinamisha kichwa anasubiri kwa subira yake mpya. Nikampokonya binti karatasi, nikampokonya mume wangu ya kwake, nikazipiga zote mbili kwenye kaunta. Nikamwambia karani achague yeye, mimi nimechoka.

Karani alizikunjua. Akasoma moja, akasoma nyingine, akarudia ya kwanza. Kisha akasema namba ya faili ni ileile. Alitueleza taratibu. Kwenye faili hilo marehemu ni mume wangu, na shahidi aliyekuwa naye wakati anakufa ni mume wa binti huyu. Binti ameandika kwamba mume wake ndiye aliyefariki, amemzika, na amekuja kuomba isahihishwe. Majina yamekaa mahali pasipo pake, na yakibadilishwa yanabadilishwa kwa pamoja. Hawezi kumfanya mmoja hai bila kumfanya mwingine marehemu.

"Muhuri ni mmoja," alisema.

Binti alimgeukia mume wangu, akamtazama toka viatu mpaka kichwani. Alikuwa analijua jina lake. Alikuwa amelisoma miezi mitano akiamini ni la mtu aliyekwisha kufa, mtu ambaye hawezi kumwuliza kitu. Mume wangu akamwomba radhi. Akasema macho yake hayaoni mistari vizuri, na kwamba hakukusudia kumpa taabu.

Halafu mnajua alifanya nini? Alivuta mkono wake kutoka kwenye kaunta. Akamwambia karani kwamba yeye anaweza kuendelea kuwa marehemu kidogo, binti asiharakishwe. Hapo nilitaka kumpiga. Sisemi kwa utani, nilikunja ngumi. Zilibaki dakika nane, baada ya hapo ni mwaka mzima na jicho limekwenda, na mtu huyu anampisha mwenzake mpaka kwenye uhai.

Nikafungua mdomo, lakini binti aliniwahi.

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana," mume wangu alisema. "Nilikuwa naye. Nilimshika mkono."

Mimi nilikuwa sijui. Miezi mitano nakaa naye, nakula naye, na nilichojua ni fomu tu. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuniambia, akasema siku ile nilirudi nimechoka na mashuka.

Binti alieleza kwamba mchana ule alikwenda kumletea mume wake shuka safi, akarudi akakuta kitanda kitupu. Tangu hapo kila aliyemuuliza ni nani alikuwa na mume wake alitazama kwenye karatasi na kumsomea jina la shahidi. Jina la mume wake. Wamekuwa wakimwambia kwamba mume wake alikufa akiwa na yeye mwenyewe. Akaanza kuja hapa kila Alhamisi na kila Ijumaa kuomba pasahihishwe, na kila akikaribia dirisha anahisi yeye ndiye anayekwenda kumuua, basi anampisha mtu.

"Alisema nini?" akauliza.

Mume wangu hajui kudanganya, hiyo ni kasoro nyingine niliyoolewa nayo. Alifikiri kwanza. "Aliniuliza saa ngapi. Sikuweza kuiona saa ya ukutani, nikamwambia bado mapema. Akasema basi atalala kidogo."

Ukumbi mzima ulikuwa umesogea karibu na dirisha. Hata wale wawili wa kola walikuwa wamesimama bega kwa bega. Binti aliitikia kwa kichwa mara nyingi, taratibu, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. Kisha akaishika karatasi yake kwa mikono miwili, akaisogeza chini ya dirisha.

"Gonga, dada," alisema.

Karani aligonga. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tatu. Mume wangu akawa hai, na mume wake akafa, na mimi niliyetaka sana muhuri ule nikakuta nimeziba mdomo kwa mkono.

Nje kuna benchi la mbao, karibu na lango. Binti alifika hapo akaketi. Mkononi nilikuwa na karatasi, hospitali ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, orodha inafungwa saa nane. Hakuna aliyeniomba kitu. Ningeweza kumwambia pole na kwenda zangu, na hakuna mtu duniani angenilaumu. Nikakaa. Nikamwambia mume wangu akae upande wa pili.

Binti alitusimulia habari za mume wake. Alikuwa anapaka rangi magari. Alikuwa hapendi vitunguu, anavitoa kimoja kimoja anavipanga ukingoni mwa sahani. Alikuwa anakoroma, na siku hizi yeye anashindwa kulala kwa ukimya. Akamwomba mume wangu amwambie tena alivyosema. Mume wangu akamwambia tena. Akaomba mara ya tatu, na ya nne, na mara zote mume wangu alimwambia vilevile, bila kuongeza neno, na mimi natazama kivuli cha lango kinavyosogea. Niliogopa. Naomba mjue hilo, sikuwa na moyo mkubwa wowote pale. Mara mbili niliinuka nusu na mara mbili nikakaa. Sikuondoka mpaka yeye mwenyewe aliposimama, akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akasema sasa anaweza kwenda nyumbani.

Tulikimbia. Mzee wa miaka sitini asiyeona na mwanamke mnene wa kufua mashuka, tulikimbia kama wezi. Tulifika hospitali saa nane kasoro dakika mbili, dada wa mapokezi ameshaanza kukusanya vitu vyake. Alibonyeza namba, akaitazama kompyuta, akaliandika jina la mume wangu la mwisho kabisa kwenye orodha. Kisha akaishika karatasi yetu, akaona saa iliyoandikwa chini ya muhuri. Akaniuliza, kwa ukali kidogo, tangu saa sita mpaka sasa tulikuwa wapi.

Nikamwambia tumefiwa.